Laini ya Duka Iko kwa Jina la Nani?

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Nina duka la jumla hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nauza sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na unga. Wafanyakazi ni tisa, na wateja wangu wengi wanatoka Ariwara na Aru upande wa Kongo, wengine Koboko. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) nimesajiliwa, mambo ya URA, mamlaka ya mapato, yanashughulikiwa na mhasibu wa nje. Mwezi uliopita walikuja vijana kutoka Kampala wakiuza mfumo wa kompyuta kwa shilingi milioni 18, wanasema una akili mnemba itakayoniambia niagize nini na lini. Mwanangu anayesoma Makerere anasema nisiununue, niweke kila kitu kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali za mtandaoni, na kulipia kila mwezi. Mtunza stoo wangu, ambaye nimekaa naye miaka 12, hataki hata kusikia neno kompyuta. Na wiki mbili zilizopita mtu alichukua katoni sita za sabuni kwa meseji ya uongo ya momo (pesa za simu). Nianzie wapi?" (Mama wa duka la jumla, Arua)

Jibu:

Mama, pole kwa sabuni. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu milioni 18 si pesa ya kujaribia, na kwa sababu maswali ya namna hii nayapata kutoka Mbale, Mbarara na Lira pia. Kila mahali mwenye duka anaambiwa achague kati ya mfumo huu na ule, na hakuna aliyemuuliza jambo linalotangulia.

Jambo lenyewe ni hili. Leo jioni ukishafunga duka, chukua karatasi. Upande wa kushoto andika kila kitu cha biashara yako kinachoishi ndani ya simu au kompyuta: laini ya momo, laini ya WhatsApp, akaunti ya URA, barua pepe, ukurasa wa TikTok kama upo. Upande wa kulia andika kila kimoja kimesajiliwa kwa jina la nani, na ni nani anayejua neno lake la siri. Usiandike unavyodhani. Uliza, uone kwa macho.

Zoezi hilo ndilo ninaloanza nalo kila ninapoitwa, na bado sijakuta duka ambalo majina yote ya upande wa kulia ni ya mwenye duka. Utakuta laini ya momo imesajiliwa kwa kitambulisho cha keshia. Utakuta akaunti ya URA ipo kwa barua pepe ya mhasibu, naye mhasibu ana wateja wengine thelathini. WhatsApp yenye wateja wote wa Kongo imo ndani ya simu ya kijana wa mauzo, simu yake mwenyewe, analala nayo kwake.

Nilishaona mwisho wa jambo hili. Niliitwa Kisenyi, Kampala, kwa mzee mmoja anayesaga mahindi na kuuza unga. Lori lake lilikuwa na namba ya simu imechorwa ubavuni kwa rangi nyekundu, tarakimu kubwa kama kiganja changu. Juu ya namba hiyo kulikuwa na rangi ya kahawia iliyopakwa kwa haraka, na tarakimu bado zilionekana chini yake. Wateja walikuwa wameijua namba ile kwa miaka sita. Siku laini iliponunuliwa mzee alikuwa safarini, na kijana wa mauzo ndiye aliyekuwa na kitambulisho cha taifa mfukoni, basi ikasajiliwa kwa jina la kijana. Walipokosana kwa ajili ya mshahara, kijana akaondoka na simu. Wateja wakaendelea kupiga namba ileile, naye akaendelea kuwauzia unga, unga wa kinu kingine. Mzee alitaka nimsaidie kuirudisha laini kwa njia yoyote. Njia haikuwepo. Kwa kampuni ya simu, mwenye laini ni yule ambaye kitambulisho chake kimo kwenye kumbukumbu zao, na kuingilia akaunti ya mtu ni kosa chini ya sheria yetu ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011. Tulichoweza kufanya ni kupaka lori rangi upya na kuanza kutangaza namba mpya kwa wateja mmoja mmoja.

Hakuna mfumo wa milioni 18 ambao ungemwokoa mzee yule. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwako ni la jina, na swali la mashine litafuata.

Kurekebisha majina ni kazi ya siku mbili au tatu, na gharama yake kubwa ni nauli na subira ya foleni. Ifanye sasa hivi, wakati wafanyakazi wako bado mnaelewana. Kama laini iko kwa jina la keshia, nenda naye kwenye ofisi ya kampuni ya simu, abadilishe umiliki mbele yako. Mweleze kabla hamjaondoka dukani kwamba humtuhumu, unaweka biashara sawa; maneno hayo yasemwe, yasiachwe kichwani, maana mfanyakazi mwaminifu huumia sana akidhani ameshukiwa. Kisha fungua namba ya malipo ya duka, ile ya MoMoPay, kwa jina la biashara na TIN yako (namba ya mlipa kodi), uiandike kwa herufi kubwa kaunta. Ukiwa na wateja wengi wa Airtel, fanya vivyo hivyo upande huo. Akaunti ya URA ibadilishwe barua pepe na simu ziwe zako. Mhasibu abaki akifanya kazi yake, lakini kwa ruhusa yako. Na WhatsApp ya wateja ihamishiwe kwenye simu ya duka, simu isiyotoka dukani, kwa laini yako, tena uwashe uthibitisho wa hatua mbili ndani ya mipangilio yake ili mtu akiiba laini asiweze kuiwasha kwingine kwa urahisi.

Sasa meseji ya uongo. Ilivyokutokea wewe ndivyo inavyotokea kila mahali. Mteja anaharakisha, duka limejaa, simu inalia, keshia anaona maneno "umepokea" na kiasi, anaachia mzigo. Mfundishe keshia mambo mawili tu, ayashike. Kwanza, malipo yanathibitishwa kwenye simu ya duka, kamwe si kwenye kioo cha simu ya mteja, hata mteja awe shemeji. Pili, asisome kiasi peke yake, asome salio. Meseji ya kweli ya kupokea pesa huja na salio jipya. Keshia awe na daftari dogo pembeni: salio lilikuwa 1,240,000, mteja kalipa 360,000, basi meseji lazima iseme 1,600,000. Mwizi anaweza kuiga kila neno la kampuni ya simu, lakini salio lako halijui. Nilikaa kaunta na binti mmoja Kikuubo, Kampala, akifanya hesabu hiyo kwa kalamu, sekunde kumi hazifiki, huku mteja akimpigia kelele kwamba lori linamsubiri. Hesabu ikagoma. Alimwangalia mteja, akageuza daftari amwonyeshe, na mteja akasema anakwenda kuangalia simu yake nje. Hakurudi.

Kuna na ule ujanja wa pili: mtu anapiga simu akisema ametuma pesa kimakosa, anaomba urudishe haraka, mama yake yuko hospitali. Keshia asirudishe kitu kwa mkono. Amwambie apige simu huduma kwa wateja ya kampuni yake, wao ndio wenye njia ya kurudisha muamala uliokosewa. Na sasa sauti nayo inaweza kuigwa kwa kompyuta, kwa hiyo ukiwa safarini usiwazoeshe wafanyakazi kuachia mzigo kwa ujumbe wa sauti peke yake. Wekeaneni neno moja la nyumbani ambalo wewe na keshia mnalijua.

Tuje kwenye hesabu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mifumo mingi inapokufa.

Nilipata kufanya kazi na duka linalofanana na lako. Mwenye duka alikuwa ameshanunua mfumo mzuri, na baada ya miezi mitatu kila mtu alikuwa amerudi kwenye daftari. Nikaomba daftari la stoo. Ukurasa mmoja ulikuwa umeandikwa hivi: "jeri 14". Nikamuuliza mtunza stoo, jeri za lita ngapi? Akasema, nane ni za lita 20, nne za lita 10, mbili za lita 5. Yeye alijua, akili yake ilikuwa safi kabisa. Ila kijana aliyeingiza hesabu kwenye kompyuta aliandika jerikeni 14 za lita 20. Tangu siku hiyo kompyuta ilikuwa inasema kuna lita 280 za mafuta wakati stoo ilikuwa na lita 210. Kila walipouza, pengo likabaki palepale, na mwishoni mwa mwezi kijana wa kaunta akaitwa mwizi. Lita 70 ambazo hazikuwahi kuwepo!

Mfumo wowote utakaonunua, wa milioni 18 au wa bure, utakuta stoo yako katika hali hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kununua, hesabu. Chagua Jumapili moja, funga duka, mhesabu kila kitu watu wawili wawili, mmoja anahesabu na mwingine anaandika, kisha wabadilishane rafu na kurudia. Kubalianeni kipimo kimoja kwa kila bidhaa. Sukari ni gunia la kilo 50 au ni kilo? Ukinunua kwa gunia na kuuza kwa kilo, andika kilo. Sabuni ni katoni au mche? Ukiuza miche hata mara moja kwa wiki, andika miche. Daima chukua kile kipimo kidogo kabisa unachouza. Fanya hivyo Jumapili nne mfululizo kwa bidhaa kumi zinazotembea zaidi. Baada ya mwezi utajua vitu ambavyo hakuna muuzaji wa mfumo anayeweza kukuambia: kinachopungua bila kuuzwa, kinacholala, na siku ya wiki ambayo mafuta yanakwisha.

Jambo hili la vipimo linakugusa pia kwa EFRIS. Unajua mfumo huo wa risiti za URA umekuwa wa lazima kwa waliosajiliwa VAT tangu tarehe 1 Januari 2021. Unajua pia yaliyotokea Aprili 2024, maduka ya Kampala yalipofungwa kwa siku kadhaa kwa ajili yake. Mimi nilikuwa na wateja katika maduka yale, na malalamiko yao mengi yalikuwa ya haki: watu hawakufundishwa vya kutosha, na mfumo uliotungwa kwa ajili ya kampuni zenye idara ya hesabu uliwekwa mikononi mwa mtu anayeuza amesimama. Lakini nimeona pia kinachowaumiza wengi kila siku, nacho ni hiki cha vipimo. EFRIS inataka kwanza uingize mzigo ndipo uuze. Ukiingiza katoni 100 na ukauza miche, bila kuuambia mfumo katoni moja ina miche mingapi, utafika mahali unakataa kutoa ankara kwa sababu kwake mzigo umekwisha, huku stoo imejaa mbele ya macho yako. Hapo watu huanza kutoa risiti za kubahatisha, na adhabu huanzia hapo.

Nashuku, Mama, kwamba mhasibu wako anatoa ankara zako jioni au mwisho wa wiki kwa mkupuo. Ni kawaida, lakini ni hatari kwako. Ankara inatakiwa itoke mauzo yanapofanyika, na jina linalowajibika ni lako, si lake. Vilevile, mteja wako wa Koboko aliyesajiliwa VAT hawezi kudai ile asilimia 18 aliyokulipa kama hukumpa ankara ya EFRIS yenye namba yake na msimbo wa kuskani, na mteja wa namna hiyo atahamia kwa jirani yako bila kukuambia sababu. Wewe nawe ukinunua sukari au sabuni kwa wakala mkubwa, usiondoke bila ankara hiyo. Na bidhaa zako hazitozwi VAT kwa namna moja, kwa hiyo mhasibu akae na wewe siku moja nzima apange kila bidhaa kwenye kundi lake sahihi. Kundi likikosewa mwanzoni, kila risiti inayofuata imekosewa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza wale vijana ni: mfumo wenu unaongea na EFRIS moja kwa moja, au nitaandika mauzo mara mbili? Kama ni mara mbili, usiendelee kusikiliza. Hakuna keshia duniani ataandika mara mbili saa sita mchana siku ya soko.

Swali la pili ni la umeme na mtandao, na hapa wewe unajua kuliko mimi. Kwa miaka mingi West Nile, eneo lenu, ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5 na jenereta. Gridi imewafikia mwaka 2024. Hali ni nafuu, lakini nguzo inaanguka, mvua inapiga, na giza linarudi. Intaneti nayo tunaipata kutoka mbali. Uganda haina bahari, kwa hiyo data yetu inapanda kutoka kwenye nyaya zinazotua pwani ya Kenya na Tanzania. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikasuasua. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano, na Facebook ilifungwa wakati huohuo. Walioweka duka lao lote ndani ya Facebook walijikuta hawana mlango.

Basi mwanao ana haki, lakini nusu. Kulipia kidogo kidogo kila mwezi kunakuepusha na kutoa milioni 18 kwa mkupuo, na hesabu zikiwa kwenye wingu haziungui duka likiungua. Hilo ni jema na nalipenda. Ila mfumo wa wingu usioweza kuuza mtandao ukikatika haukufai hapo Arua. Unachotaka ni ule unaouza na kuhifadhi ndani ya mashine yenyewe, kisha unapeleka hesabu juu mtandao unaporudi. Usikubali kuambiwa. Wakija kukuonyesha, zima kipanga njia cha intaneti kwa mkono wako mwenyewe katikati ya maonyesho, uwaambie wauze katoni tatu za sabuni na kuchapa risiti. Kisha chomoa umeme ukutani. Utajifunza mengi kwa dakika tano kuliko kwa vipeperushi vyao vyote. Muulize mwanao pia huo mfumo wa wingu unalipiwa kwa shilingi au kwa dola. Kama ni dola, mauzo yako ya shilingi yatakuwa yanafukuzana na dola kila mwezi.

Kuhusu mashine, chagua kompyuta ya mkononi, si ile ya mezani. Ina betri yake na inakula umeme kidogo, hata sola ya kawaida yenye betri nzuri itaibeba siku nzima pamoja na printa ndogo ya risiti. Ukinunua iliyotumika, kama wengi tunavyofanya, uliza kama inapokea Windows 11. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo Kampala imejaa kompyuta za bei nafuu sana. Unafuu huo una sababu yake: nyingi ni za zamani mno, haziwezi kupanda. Duka lako linapitisha pesa kila saa, usilikalishe juu ya programu isiyozibwa tena mianya yake. Wala usikubali Windows ya kuchakachua inayowekwa na fundi kwa elfu ishirini. Mara nyingi virusi huja humohumo.

Swali la tatu ndilo langu lile la mwanzo, limerudi kwa sura nyingine: hesabu zangu ziko kwa jina la nani? Niliwahi kukuta duka ambalo muuzaji wa mfumo alipoacha kupokea simu, miaka mitatu ya mauzo na madeni ilibaki ndani ya mashine yenye neno la siri analolijua yeye peke yake. Wadaiwa walijulikana kwa kumbukumbu ya kichwa tu. Waliosema kweli walilipa, wengine wakakana. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, waombe wakuonyeshe jinsi ya kutoa orodha yote ya bidhaa, mauzo na madeni kwenye faili la Excel, uiweke kwenye flashi, uifungue kwenye kompyuta nyingine ambayo haina mfumo wao. Uone namba zako zikisomeka huko. Akaunti kuu ya mfumo iwe kwa barua pepe yako. Na mkataba useme kwamba hesabu ni mali yako, na kwamba ukiacha kulipa utapewa zote.

Akili mnemba sasa. Sitaki ukae unaiogopa wala unaiabudu. Kompyuta ya kukisia uagize nini na lini inajifunza kutokana na mauzo yaliyopita. Kumbukumbu ulizonazo leo ni za daftari, kama lile la "jeri 14". Haina cha kusoma. Labda baada ya mwaka mmoja au miwili ya kumbukumbu safi, kipengele hicho kitakuwa na maana, na kwa wakati huo kitakuwa kimeshuka bei. Hata hapo, haitajua kwamba mpaka wa Vurra umefungwa wiki hii au kwamba barabara imeharibika upande wa Kongo. Wewe utajua kwa simu moja. Usilipe leo kwa ajili yake. Mwambie mwanao akufundishe kutumia zile za bure kwenye simu kwa mambo madogo: kuandika tangazo la bei kwa Kiswahili kizuri na kwa Kifaransa kwa wateja wa Aru, kupanga barua ya kuomba mkopo, kuelewa kipengele cha mkataba. Usiiwekee majina ya wateja na madeni yao, na usiiamini kwa kujumlisha pesa bila kuhakiki.

Kwa habari ya majina ya wateja, nigusie hili. Kama unaweka nakala za vitambulisho na namba za simu za unaowakopesha, unashika taarifa binafsi za watu, na sheria yetu ya mwaka 2019 ya ulinzi wa taarifa hizo inakugusa. Unatakiwa kujisajili katika ofisi inayosimamia, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Na mtu akichelewa kulipa, picha yake isiwekwe kwenye status ya WhatsApp. Najua inauma, lakini siku hiyo mwenye makosa utakuwa wewe.

Nimemwacha mtunza stoo wako mwisho kwa sababu kwangu yeye ni mkubwa kuliko mfumo. Miaka 12! Kila nilikoona kompyuta ikishindwa, mtu wa namna yake alikuwa amewekwa pembeni na kijana mwenye cheti, naye akakaa kimya akiangalia makosa yakiingia. Hachukii kompyuta, Mama. Anaogopa kwamba mashine itakapokuja, siku ya hesabu kutofautiana yeye ndiye atakayeulizwa, kwa lugha asiyoijua. Nawe ungeogopa.

Kwa hiyo ile Jumapili ya kuhesabu aiongoze yeye. Majina ya bidhaa kwenye mfumo yaandikwe anavyoyaita yeye, "mafuta jeri ndogo" kama hivyo ndivyo stoo nzima inavyosema, si kwa Kiingereza cha kwenye katoni. Mfumo uwe na Kiswahili au uwe na picha za bidhaa. Kwa miezi miwili ya mwanzo daftari lake liende sambamba na kompyuta, na vikitofautiana, daftari liaminiwe kwanza hadi mjue kosa liko wapi. Na mkae na mwanao mbele yake, mwanao aulize na mtunza stoo ajibu. Kijana wa Makerere ana mengi ya kujifunza kwenye daftari lile.

Ukiniuliza kwa pesa zako, ningefanya hivi: majina na laini wiki hii, hesabu Jumapili nne, kisha kompyuta moja, printa, betri na sola, na mfumo mdogo wa kulipia kila mwezi unaoongea na EFRIS na unaouza bila mtandao. Theluthi ya milioni 18 isizidi, na zilizobaki nunua sukari. Wale vijana wakirudi, wape majaribio matatu: kuzima intaneti, kuchomoa umeme, na flashi. Wakiyapita yote, zungumzeni bei. Wakisema flashi haiwezekani kwa sababu za usalama, wapatie chai, uwashukuru kwa kuja, na usitie sahihi.